Rambirambi ya Goti

Raba zake Mwalimu alizileta kwenye mfuko wa kitenge, zimefuliwa, kamba zimechomolewa na kufungwa kifundo kimoja. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja na dakika chache alfajiri, pale Coco Beach ambapo kikundi chetu cha mbio hukutana kabla jua la Dar es Salaam halijatukuta. "Nani anavaa 39?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayegawa maembe yaliyomzidi nyumbani. Hakuna aliyejibu. Sisi tunaojuana hadi kichomi, nani kinambana ubavu wa kulia na nani hawezi kuanza bila kahawa, ghafla hakuna aliyekumbuka namba ya mguu wake mwenyewe.

Tunamwita Mwalimu kwa sababu ni mwalimu, darasa la tatu, miaka mingi. Kukimbia kwake kulianza na mchakamchaka wa shuleni: aliongoza watoto asubuhi kuzunguka uwanja, watoto wakishapanga mstari, yeye miguu bado inataka. Mimi nilimkuta kikundini. Kwa miaka minne alikimbia kushoto kwangu. Hatukupanga iwe hivyo, ilitokea tu, kama watu wanavyojikuta na viti vyao kwenye daladala ya kila siku. Nyayo zake zilikuwa na mlio wake. Wa kulia uligonga, wa kushoto uliburuza kidogo, kama mtu anayefagia bila haraka. Sikujua kwamba nilikuwa napimia mwendo wangu kwa mlio ule mpaka ulipokoma.

Mwaka 2024 tulikuwa tunajiandaa kwenda Moshi kukimbia marathoni. Usiku wa tarehe 11 Februari Kelvin Kiptum alifariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat, Kenya. Alikuwa na miaka 24. Miezi minne tu nyuma alikuwa amekimbia Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, rekodi ya dunia wakati ule. Sisi ambao kilomita moja hutuchukua dakika saba, na siku mbaya nane, tulimlilia mtu aliyezimaliza zote 42 kwa chini ya dakika tatu kila moja. Tulikuwa hatujawahi kumwona ila kwenye kioo cha simu. Jumamosi iliyofuata tulipanda daraja la Tanzanite na kushuka bila maneno, zikasikika raba na bahari.

Mwalimu ndiye aliyevunja kimya, tukinyoosha misuli ukutani. Yeye alimfikiria zaidi kocha, Gervais Hakizimana, Mnyarwanda aliyekufa kwenye gari lilelile na ambaye katika kila habari alitajwa sentensi ya pili au ya tatu. Inasimuliwa kwamba alimfahamu Kiptum tangu akiwa mtoto mchunga mifugo, anayewafuata wakimbiaji nyuma, peku. "Hao hata kuachana hawakuachana," Mwalimu akasema, akafunga kamba zake.

Wiki moja baadaye, Moshi, nilimwacha barabarani.

Anayeijua njia ya Moshi anajua ilivyo na hila. Unatoka Chuo Kikuu cha Ushirika ukiwa umejaa nguvu, unapelekwa barabara kuu inayokwenda Dar, tambarare, hewa ya asubuhi, unaanza kujiona. Kisha unarudishwa mjini na kuelekezwa juu, Mweka: kutoka mita 830 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 1,150 kwenye kilomita ya 32. Njia nzima kina mama wamesimama kando ya migomba na watoto wao wanakwambia, "Poleni! Poleni sana!" Wageni hushangaa kupewa pole kwa jambo walilolilipia kiingilio. Mimi pia zamani niliona ni umaskini wa lugha, neno moja kwa aliyejikwaa, aliyefiwa na aliyetoka kazini. Siku hizi naona tofauti. Nadhani waliotuachia lugha hii hawakutaka kuwapanga foleni wenye maumivu.

Mlima ule tuliumaliza vizuri. Watu huogopa kupanda, lakini goti huogopa kuteremka, maana kila hatua ya mteremko ni uzito wa mwili mzima unaotua na kuomba breki. Kwenye kilomita ya 34, mlio wa kushoto kwangu ukabadilika. Kugonga kukaisha, zikabaki nyayo mbili zinazofagia. Nikageuka. Mwalimu alikuwa amekunja uso kama anayesahihisha daftari la mtoto aliyenakili. Akasimama, akashika goti kwa mikono miwili.

"Nenda," akasema.

Nikasema tutatembea wote. Akasema nenda, tena kwa ile sauti ya darasani, nami, mtu mzima wa miaka 47, nikatii. Nimejieleza mara nyingi tangu siku ile: kwamba mwenyewe aliniambia, kwamba gari la kuokota waliochoka lilikuwa nyuma yetu, kwamba ndiyo desturi ya mbio. Yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimepiga hesabu ya muda wangu, na hesabu ilikuwa nzuri.

Nilipoingia uwanjani yeye alikuwa ameshafika, kwa pikapu, amekaa kwenye nyasi na mfuko wa barafu juu ya goti. Nilikuwa nimeivua medali na kuitia mfukoni ili nisimwoneshe. Akanitazama. "Umechelewa," akasema. Halafu akaninyooshea kidole kiunoni. Utepe wa medali ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko kama mkia.

Hapa kwetu huwezi kuzungumzia kushindwa kwenye marathoni bila mtu kukutajia John Stephen Akhwari. Mexico City, 1968: alianguka, goti likateguka, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu walimtajia Mwalimu habari hiyo kwenye basi la kurudi Dar, na wiki zilizofuata, kila mtu akidhani ni wa kwanza. Ni habari kubwa, na mimi ni Mtanzania, inanisisimua mwili kila mara. Lakini siku ile walianza wakimbiaji 75 na wakamaliza 57, Akhwari akiwa wa 57. Nyuma yake walibaki watu 18 ambao magoti yao, pumzi zao au matumbo yao yaligoma katika hewa ya mita 2,240. Nao pia walitumwa na nchi zao. Tunamtumia Akhwari kama fimbo, jambo ambalo sidhani mwenyewe angelipenda, kuwachapia watu ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa kusimama.

Mwezi wa nane daktari akamwambia gegedu la goti limelika, halirudi. Kutembea ruhusa, baiskeli ruhusa, maji kama ana pa kuogelea. Kukimbia, basi.

Ndipo tulipoanza kumkosea kwa nia njema. "Utarudi tu, Mwalimu." "Tafuta daktari mwingine." Mmoja akamletea mafuta ya kuchua kutoka Tanga, mwingine habari za mjomba wake aliyepona kwa mchuzi wa makongoro. Tumezoea hivyo. Aliyekosa muda wake ataupata mwakani, aliyegongwa na bodaboda atarudi baada ya wiki sita, aliyeachishwa kazi akaona aibu kuja na raba iliyotoboka, tunachangishana kimyakimya. Lugha yetu yote ni ya kurudi. Kwa mtu asiyerudi hatukuwa na sentensi hata moja.

Na hilo ndilo lililonishangaza, maana kwenye misiba hatujambo kabisa. Akifa mtu, kabla ya saa moja turubai limefungwa, majiko yanawaka, daftari la michango limefunguliwa. Hakuna anayeingia matangani akasema "atarudi tu." Unaingia, unasema pole, unakaa chini, unanyamaza. Kukaa kwako ndiyo kazi uliyoijia. Mwalimu alikuwa amepoteza kitu alichoamka nacho kila siku kwa miaka, na hatukumfungia hata mkeka.

Wazo alilileta kijana wetu wa gereji, ambaye kwa kawaida haongei. Alisema twende nyumbani kwake. Mhazini, mtu wa benki, akafungua daftari. Lina safu tatu: misiba, harusi, ugonjwa. Akauliza hii aiweke wapi. Ugonjwa? Ugonjwa ni hadi mtu apone. Akafikiri, kalamu mdomoni, akaandika kwenye safu ya misiba: "Rambirambi, goti." Kuna waliocheka. Yeye hakucheka.

Tulikwenda Jumapili alasiri, Tabata, tumebeba wali, maharage na kuku wawili, kwa kuwa mfiwa hapikiwi na jiko lake. Mwanzoni alidhani ni ziara. Alipotuona tunavua viatu na kukaa kwenye mkeka, wanaume upande huu na wanawake ule, bila mtu kuuliza goti linaendeleaje, akaelewa. Akakaa. Tukaanza kumsimulia: alivyotukataza kutupa chupa baharini, alivyomsubiri mgeni aliyekuwa wa mwisho kabisa na kumdanganya kwamba naye amechoka. "Mbona mnanizika?" akasema. Akacheka, kisha kicheko kikageuka. Alilia kwa muda mrefu, khanga usoni, na dada mmoja akamsogelea akamshika mgongo. Hakuna aliyesema nyamaza.

Mimi nilikuwa na maneno yangu niliyoyabeba tangu kilomita ya 34. Nilipopata nafasi, tukiosha mikono, nikasema, "Mwalimu, siku ile sikupaswa kwenda." Akanimiminia maji. "Ungebaki tungekosa medali wote," akasema. "Lete mkono mwingine." Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Nimeukubali hivyohivyo.

Zile raba za namba 39 alizileta Jumamosi iliyofuata. Zilichukuliwa hatimaye na binti mmoja mgeni, mwanafunzi, ambaye hakujua historia yake na ndiyo maana aliweza kunyoosha mkono. Kwa miezi kadhaa Mwalimu hakuonekana. Septemba 2025 akanipigia, baada ya Alphonce Simbu kushinda dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, na nchi nzima kupiga kelele. Tukaitazama picha ya mwisho kwenye simu, kila mtu kwake: Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani, vifua sambamba, tofauti sekunde 0.03. Nilikuwa bado nashangilia aliponikatiza. "Huyo Mjerumani," akasema, "unadhani leo amelala na nani chumbani? Asiachwe peke yake."

Sasa huja na baiskeli ya binti yake, yenye kikapu mbele. Anakaa nyuma kabisa, na yeyote aliye wa mwisho. Ukimwendesha polepole hivyo mtu wa baiskeli anayumba kama mlevi, na anatutukana kwa hilo. Jumamosi iliyopita wa mwisho nilikuwa mimi. Msuli wa paja ulikaza katikati ya daraja, upepo wa bahari ukiwa usoni, wenzangu wote wameshateremka upande wa pili. Nikasimama nimeshika ukingo. Nikamwambia aende.

Akasema cheni ina matatizo. Akashuka, akaanza kuikokota baiskeli kando yangu, upande wa kushoto. Nikaitazama ile cheni. Ilikuwa nzima, imepakwa mafuta.