Kingston: Mji Unaojaza Uwanja kwa Ajili ya Watoto wa Shule

Ndugu msomaji, iwapo safari itakufikisha Kingston, mji mkuu wa Jamaika, mwezi wa Machi, usishangae kukuta njia ziendazo Uwanja wa Taifa zimefurika watu. Hawaendi kuitazama timu ya taifa. Wanakwenda kuwatazama watoto wa shule wakikimbia.

Mashindano hayo, yaitwayo Champs, yalianza mwaka 1910 kwa shule 6 za wavulana. Tangu mwaka 1999 wavulana na wasichana hushindana pamoja, kwa muda wa siku 5. Nje ya uwanja utaiona sanamu ya Usain Bolt, mwana wa kijiji cha Sherwood Content, ambaye walimu wake wa sekondari ndio waliomshawishi aache kriketi na kushika mbio. Ndani utawakuta wazee wenye mvi waliovaa rangi za shule walizomaliza zamani, wakitaniana na jirani zao kwa sababu tu hao walisoma kwingine. Wengi wao huchangia pia viatu, chakula na nauli za vijana wa shule zao.

Jamaika ina watu wasiofika milioni 3, yaani kama nusu ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam waliohesabiwa mwaka 2022. Hata hivyo, katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, wanawake wake watatu walizitwaa medali zote za mita 100. Aliyewatangulia wenzake, Shelly-Ann Fraser, alikulia Waterhouse, mtaa wa wanyonge mjini Kingston, na alipita katika Champs hizo hizo.

Wako wasemao kwamba siri yao ni damu. Wengine husema ni viazi vikuu. Wewe panda basi uelekee Spanish Town, safari fupi magharibi ya Kingston, ukakione Chuo cha G.C. Foster. Foster alikuwa mkimbiaji hodari ambaye mwaka 1908 alisafiri kwa meli ya ndizi hadi London ili ashiriki Olimpiki, akakataliwa kwa kuwa nchi yake haikuwa mwanachama. Alirudi nyumbani, na baadaye akawafundisha vijana wa shule. Chuo chenye jina lake, kilichojengwa kwa msaada wa Kuba, kilifunguliwa mwaka 1980. Kazi yake ni kuwaandaa walimu wa michezo, ambao hutawanyika katika shule za kisiwa kizima.

Ukumbuke vema mwaka huo wa 1980. Ndio mwaka ambao Suleiman Nyambui na Filbert Bayi walituletea medali 2 za fedha kutoka Moscow: mmoja katika mita 5,000, mwingine katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Jamaika ilirudi na shaba tupu. Tangu hapo wenzetu hawakukosa medali katika Olimpiki yoyote. Sisi, hadi Paris mwaka 2024, hatukupata nyingine. Wala si kwamba vipaji vimetukimbia. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo.

Haifai kuwasifu wenzetu kupita kiasi. Huko pia hulalamikiwa shule zinazowavuta watoto wenye mbio kutoka shule nyingine, na vijana wanaoshindanishwa mno hata wakaumia kabla ya kukomaa. Mtoto si farasi wa mashindano. Mzazi aliyepo uwanjani huweza kuliona hilo mapema na kusema basi.

Sisi nasi tunayo UMITASHUMTA na UMISSETA. Lakini jiulize, ndugu msomaji, ni lini mara ya mwisho ulikwenda kumtazama mtoto akikimbia, awe wako au wa jirani? Chuo hujengwa na serikali, na mwalimu huajiriwa. Watu wa kujaza uwanja hawaajiriwi. Hao ni mimi na wewe. Basi jioni moja mwanao akikuambia kwamba kesho kuna michezo shuleni, kabla hujamwuliza kama amemaliza hesabu zake, mwulize michezo inaanza saa ngapi.