Faili la Dagaa kwenye Treni ya Kigoma

Tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, lakini anayetaka kwenda Kigoma bila kushuka njiani bado anapanda ile ya zamani, ya reli ya mita moja ambayo Wajerumani waliifikisha kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na mimi sikuwahi kuzisafiri. Mpwa wangu wa kike naye ilikuwa mara yake ya kwanza. Anasoma mwaka wa kwanza wa kompyuta, na kikundi cha wavuvi kwenye mwalo mmoja nje ya mji wa Kigoma kilikuwa kimemtumia faili la mavuno ya dagaa ya mwaka mzima, awaandikie programu ya kujumlisha. Kwa kuwa mimi Java, lugha ya kuandikia programu, imenilisha miaka mingi, dada yangu alikata shauri bila kuniuliza: "Mpeleke mtoto, na hiyo kompyuta yenu mkaimalizie njiani."

Katika daraja la pili la kulala wanaume hupewa chumba chao na wanawake chao. Ofisi yetu basi ikawa behewa la mgahawa, kwenye meza iliyo karibu na soketi. Mhudumu alituruhusu kwa sharti la kuagiza kitu kila baada ya muda, nasi tukanywa chai mpaka tukaikinai.

Hata Pugu hatujaipita, programu ikagoma. Kioo kikajaa maandishi mekundu, na mpwa wangu akafanya wanachofanya karibu wanafunzi wote niliopata kuwaona: akayafuta ili aanze upya.

"Yarudishe," nikamwambia.

"Mjomba, ni marefu, na wala siyaelewi."

Kuyaelewa yote si lazima. Java ikianguka hutaja kwanza jina la kosa, mara nyingi na sababu yake, kisha huorodhesha hatua ilizopitia, kuanzia pale ilipoangukia na kurudi nyuma hadi mwanzo wa programu. Nyingi kati ya hatua hizo ni za maktaba ya Java yenyewe. Hizo waachie wenyewe. Tafuta ya kwanza yenye jina la klasi uliyoiandika wewe, na pembeni yake utaona namba ya mstari. Anza hapo.

Safari hii kosa lilikuwa FileNotFoundException, yaani faili halikuonekana, na yeye alikuwa akiliona kwa macho yake. Nilimwambia aongeze mstari wa kuchapisha getAbsolutePath, ili Java iseme yenyewe inalitafuta wapi. Ikasema: kwenye folda ya mradi. Yeye alikuwa ameliweka ndani zaidi, pamoja na msimbo wake. Jina tupu la faili hutafutwa pale programu ilipoanzishwa, na programu ile ile ikianzishwa kwa kitufe cha kihariri huenda ikaanzia kwingine kabisa kuliko ikianzishwa kwa kuandika amri. Akalihamisha faili. Kosa likabaki lile lile. Tukachungulia tena: Windows isipoambiwa huficha kimalizio cha jina, na kilichoonekana kama mavuno.csv kumbe kilikuwa mavuno.csv.txt. Tulipoingia Morogoro usiku faili lilikuwa limefunguka, na mpwa wangu akaenda kulala akiamini kazi imekwisha.

Asubuhi baada ya Dodoma nchi ilikuwa kavu, mibuyu imesimama mbalimbali, na kuanzia Manyoni mtandao ukakatika. Sikusikitika. Mwanafunzi mwenye intaneti hunakili kosa lake, akalitafuta, akabandika jibu la kwanza analokutana nalo. Asiye nayo hulazimika kusoma kilichoandikwa mbele yake. Na kilichoandikwa mbele yetu, katikati ya vichaka vya Itigi, kilikuwa hakina hata neno moja jekundu. Programu ilisoma mistari yote, ikamaliza kwa utulivu, ikatangaza kwamba hakuna boti hata moja iliyovua samaki mwaka mzima.

Hapa alikuwa amelinganisha majina kwa alama mbili za usawa, ==. Kwa namba za aina za msingi za Java hiyo inatosha. Kwa maneno, Java huuliza kama pande mbili ni kitu kimoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haiulizi kama zimeandikwa sawa; swali hilo la pili ni la equals. Kinachowapoteza wanaoanza ni kwamba == hufanya kazi darasani. Maneno yaliyoandikwa ndani ya msimbo wenyewe Java huyahifadhi nakala moja moja, kwa hiyo zoezi la mwalimu hukubali. Neno likitoka kwenye faili huja na nakala yake, na mchezo huharibika. Hapo nina neno na walimu wetu: mazoezi yao huja na mafaili yaliyooshwa, kila mstari umekamilika, kila jina limeandikwa namna moja. Mwanafunzi anahitimu bila kukutana na faili lililojazwa na karani mwenye haraka alfajiri, mikono ina magamba ya samaki.

Aliporekebisha, programu ilikwenda mpaka mistari ya katikati ya mwezi, ikaanguka kwa ArrayIndexOutOfBoundsException: aliomba safu ya sita kwenye mstari wenye safu mbili. Akafungua faili, akahesabu mikato. Ilikuwa kamili, ila baada ya tarehe na jina la boti hapakuwa na kitu. Katika mwezi ule siku za namna hiyo zilikuwa zimekaa pamoja, kisha mavuno yakarudi. Akaniuliza kama katibu wa wavuvi, aliyelijaza, alikuwa mgonjwa.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja wa Ujiji aliyelala chumba kimoja na mpwa wangu, ambaye alikuwa amekuja kutafuta uji. "Mgonjwa wa nini, mwanangu? Hiyo ni mbalamwezi." Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta kuelekea juu, wavu ukawakusanya. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina wa kumvuta, na boti hukaa nchi kavu. Nafasi tupu zilikuwa na maana, na programu ilikuwa ikizitupa. Amri ya split, inayokata mstari kila penye mkato, hutupa nafasi tupu zilizo mwishoni bila kusema lolote. Ukitaka izitunze unaiandikia split(",", -1). Na tulipokuwa hapo hapo tukakuta bei zilizoandikwa "85,000", mkato wa elfu umo ndani ya alama za kunukuu, na split ikiukata bila huruma. Kanuni ya kunukuu ipo, imeandikwa tangu 2005 katika waraka uitwao RFC 4180, na zipo maktaba za bure kama Apache Commons CSV zinazoifuata. Kwenye kazi ya mshahara ningemwambia achukue maktaba mara moja. Kwa safari hii nilimwacha aandike kwa mkono, ajue maktaba zinamwokoa na nini.

Makosa yanayopiga kelele ndiyo nafuu. Lililotula mchana wote, hadi Tabora, lilinyamaza kimya.

Ripoti ilianza kutoka, na boti moja, Nyota Yang'aa, ikawa na jina hili: Nyota Yangâ€™aa. Mpwa wangu alidhani faili limeharibika. Halikuharibika, lilikuwa linasomwa kwa kitabu kisicho chake. Kila faili la maandishi ni mfululizo wa baiti, na lazima pawe na makubaliano ya baiti zipi ni herufi gani. Katibu wa wavuvi alilihifadhi kwa UTF-8. Kompyuta ya mpwa wangu ilikuwa na Java 8, ya mwaka 2014, iliyowekwa chuoni, na Java za zamani usipozitajia makubaliano huchukua yale ya mashine zilizomo. Windows yake ikatoa ya kwake. Ritifaa moja ikasomwa kama alama tatu. Kuanzia Java 18, ya mwaka 2022, UTF-8 ndiyo ya kawaida kila mahali. Java ilipotangazwa mwaka 1995 ilikuja na ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa popote, na ahadi hiyo imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Faili halikuahidiwa chochote.

Tukaitajia UTF-8. Alama za ajabu zikaondoka, lakini zikatoka boti mbili, zote zikiitwa Nyota Yang'aa, kila moja na sehemu yake ya mavuno. Tulizitazama mpaka macho yakauma. Nikamwambia achapishe namba ya kila herufi ya majina yale mawili. La kwanza lilikuwa na ritifaa iliyonyooka, namba 39. La pili lilikuwa na iliyopinda, namba 8217. Katibu siku nyingine aliandika kwa kompyuta, siku nyingine kwa simu, na baadhi ya simu hupenda kuipinda. Kwa macho ni jina moja, kwa equals ni mawili. Lugha yetu imejaa ng', kuanzia ng'ombe hadi kata ya Ng'ambo pale Tabora tulipokuwa tukikaribia, na bado sijaona kitabu cha Java kinachomwonya mwanafunzi wa Kiswahili juu ya jambo hili. Tiba yenyewe ni mstari mmoja: kila ritifaa iliyopinda ibadilishwe kabla ya jambo lolote.

Namba hizo zilifichua na jingine. Kichwa cha safu ya kwanza, tarehe, kilikuwa na herufi saba. Ya ziada ilikuwa mwanzoni, namba 65279, haionekani kabisa; ni alama ambayo Excel huitanguliza kwenye faili la CSV ikiambiwa itumie UTF-8. Java haiondoi, na amri ya trim, inayosafisha nafasi pembeni, huipita tu. Kumbe ndiyo maana mpwa wangu alikuwa akitafuta safu iitwayo "tarehe" na kuambiwa haipo, mpaka akaamua kuihesabu kwa namba badala ya jina.

Tabora treni ilikaa muda mrefu, mabehewa ya Mwanza yakitengwa na ya Kigoma. Tukanunua asali.

Kesho yake, baada ya kuvuka Malagarasi, ilibaki safu ya saa. Katibu aliandika boti imetoka saa 11 na kurudi saa 1. Programu ilitoa boti iliyofanya kazi kwa saa kumi chini ya sifuri. Nyingine, iliyotoka saa 12 na kurudi saa 12, haikufanya kazi kabisa. Mama wa Ujiji alicheka hadi akajifuta machozi, maana kila mtu mezani pale alijua kwamba ya kutoka ni ya jioni na ya kurudi ni ya asubuhi, na hapakuwa na haja ya kuiandika. Mpwa wangu alitaka kumwomba katibu aanze kuandika 17:00 na 07:00. Nilikataa, na bado nakataa. Mtu mmoja aliyesoma kompyuta ni rahisi kubadilika kuliko mwalo mzima. Aliandika mbinu ndogo: saa ya kutoka ni ya upande wa jioni, ya kurudi ni ya upande wa asubuhi, zisogezwe kwa tofauti ya saa sita kufuata saa ya mashine, na kama ya kurudi ni ndogo kuliko ya kutoka, siku imegeuka. Uvinza, kwenye chumvi, boti zote zilikuwa zimefanya kazi usiku kama zinavyopaswa.

Mwaloni tulipokelewa chini ya kibanda cha mabati, dagaa wameanikwa kwenye vichanja hadi karibu na maji. Baada ya shikamoo na viti, mwenyekiti alitaka kuona jumla ya mauzo ya mwaka. Mpwa wangu akaendesha programu mbele ya watu. Jumla ikatoka na alama ya kutoa mbele yake, zaidi ya bilioni mbili.

"Yaani tunadaiwa?" mwenyekiti akauliza.

Niliuma ulimi nimwache aone mwenyewe. Hapakuwa na kosa jekundu, kwa hiyo alichapisha jumla mwezi kwa mwezi, na tukaona ikipanda vizuri hadi ikapita kidogo shilingi bilioni 2.1, kisha ikatumbukia chini ya sifuri. Aina ya namba aliyotumia, int, mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja juu ya hapo Java haikatai, inaanzia upande wa pili. Vitabu vingi vya wanaoanza huhesabu dola, na kwa dola ukomo huo uko mbali. Kwa shilingi mwalo wenye boti nyingi unaufikia kabla ya Desemba. Akabadilisha int kuwa long, jumla ikasimama, na katibu akaipitia na daftari lake ukurasa kwa ukurasa mpaka akaridhika.

Ndipo akavuta kiti karibu na kuuliza kama programu inaweza pia kutoa mgao wa kila boti. Akaeleza: mafuta na gharama za taa hutolewa kwanza, kisha mwenye boti na wavuvi hugawana kinachobaki. Mpwa wangu aliandika kila neno.

"Na boti ikipata hasara, mgao unaandikwaje?"

Mwenyekiti na katibu walijibu kwa pamoja, na majibu yao hayakufanana.