Kikapu cha Baba Mdogo

Baba mdogo ni mhandisi wa umeme, lakini jirani zetu wanamjua zaidi kwa maharage. Kila atengenezacho kwa mikono yake huwaeleza wengine bure, vipimo na makosa pamoja. Likizo ya Juni alinifundisha kikapu cha kupikia pasipo moto: tenga kubwa, ndani yake vitambaa vikuukuu na majani makavu ya mgomba, na mto mnene wa kufunikia. Joto likishaingia sufuriani, alisema, kazi iliyobaki ni kulizuia lisitoke.

Siku ya pili mama alikwenda msibani, akaniachia kazi ya kuwapikia wadogo zangu. Maharage nilikuwa nimeyaloweka tangu usiku. Nikamwaga yale maji, nikatia mengine, nikayachemsha kwa nguvu robo saa, kisha nikaifunika sufuria na kuitia kikapuni. Basi, baada ya saa moja nikafunua nione. Adhuhuri nikafunua tena, na alasiri tena, nikijidai mpishi. Magharibi maharage yalikuwa kama changarawe, na mkaa uliobaki ulitosha uji tu. Mdogo wetu wa mwisho alilala analia.

Baba mdogo alipofika nilimwamkia kwa aibu. Hakunicheka.

"Ulifunua mara ngapi?"

"Sikufunua."

Akatoa daftari lake la kuwafundishia watu, akaanza kuandika kwamba vitambaa havitoshi, kila mtu aongeze. Nikamfikiria jirani yetu mjane, atavitoa wapi vingine?

"Baba mdogo," nikasema, "nilifunua mara tatu."

Akakata mstari ule, akaandika upya.