Shule ya Usiku ya Ousmane Sembène

Mtu akiulizwa apendacho hujibu upesi. Akiulizwa sababu ya kukipenda, husita. Mapenzi hutangulia, na sababu hufuata nyuma kama kivuli. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, kwa nini miongoni mwa watengenezaji wote wa sinema niliopata kuziona kazi zao, nimpendaye zaidi ni Ousmane Sembène wa Senegali. Sikuombi umpende kwa kuwa nampenda mimi. Naomba unisikilize tu, kisha siku utakapozipata sinema zake uzitazame kwa macho yako na kuamua mwenyewe.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor, kusini mwa Senegali. Baba yake alikuwa mvuvi. Shuleni hakudumu, alifukuzwa angali kijana, akashika kazi za mikono, na uashi ukiwa mojawapo. Wakati wa Vita Kuu vya Pili alichukuliwa katika jeshi la Wafaransa. Vita vilipokwisha alikwenda Ufaransa, akawa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille. Huko, kati ya magunia na mikutano ya vyama vya wafanyakazi, alijiendeleza mwenyewe kwa vitabu mpaka akawa mwandishi. Mwaka 1956 alitoa riwaya yake ya kwanza, na mwaka 1960 akatoa nyingine iliyompa sifa kubwa, juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli iliyounganisha Dakar na Mto Niger, mgomo wa miaka ya 1947 na 1948.

Mtu mwingine angalitosheka hapo. Kuli amekuwa mwandishi. Je, ana haja gani tena? Lakini Sembène alitazama nyuma yake akaona jambo la kuhuzunisha. Vitabu vyake viliandikwa kwa Kifaransa, na watu aliowaandika, yaani wavuvi, wachukuzi, wake wa mafundi wa reli na wakulima wa mpunga, wengi wao hawakujua kusoma lugha hiyo wala nyingine. Alikuwa kama mtu aandikaye barua nzuri kwa mama yake, naye mama hana wa kumsomea. Basi mwaka 1962, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa sinema. Alikwenda kukaa darasani katika umri ambao wengi wetu hudhani masomo yamekwisha.

Yafaa ukumbuke pia hali ya zama zile. Katika makoloni ya Wafaransa ilikuwako amri ya mwaka 1934, iliyoitwa amri ya Laval, iliyomtaka kila atakaye kupiga picha za sinema apate kwanza kibali cha serikali. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mwafrika alitazamwa katika sinema, lakini hakupewa nafasi ya kutazama. Alionekana akicheza ngoma, akibeba mizigo, akikimbia. Alichowaza hakikuulizwa na mtu. Sembène aliporudi Senegali na kamera yake, alirudi na jicho na ulimi pamoja.

Mwenyewe alipenda kuiita sinema shule ya usiku. Sisi wa Kenya tunaielewa mara moja maana hiyo, kwa sababu tumewajua wazee wetu waliokwenda kwenye masomo ya ngumbaru baada ya kazi za mchana, wakashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Sinema za Sembène ni masomo ya namna hiyo, isipokuwa hapana kalamu wala mtihani. Mwanafunzi hukaa gizani, huona maisha yake mwenyewe yakipita mbele yake, na huachiwa kufikiri.

Somo lake la kwanza lilikuwa fupi, la dakika kama 20. Linaitwa Borom Sarret, nalo lilitoka mwaka 1963. Ni habari ya siku moja ya mtu mwenye gari la farasi mjini Dakar. Asubuhi anatoka kutafuta riziki. Abiria wengine wanapanda wala hawalipi. Baba mmoja anampakia maiti ya mtoto wake mchanga ili akamzike, lakini makaburini wanakataliwa kwa kuwa karatasi zake si sawa. Fedha kidogo anayopata anampa msifu mababu aliyemwimbia ukuu wa ukoo wake. Mwisho tajiri mmoja anamshawishi kwenda mtaa wa wakubwa, ambako magari ya farasi yamekatazwa. Askari analichukua gari, na nishani ya mtu yule inapoanguka chini, askari anaikanyaga. Jioni anarudi nyumbani na farasi bila gari, na mikono mitupu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini aliyeitazama sinema hii hawezi tena kusema kuwa hamjui.

Mwaka 1966 ilifuata La Noire de..., habari ya msichana aitwaye Diouana. Alikuwa yaya wa watoto wa Wafaransa huko Dakar, na walipomwita awafuate kwao Antibes alifurahi, akidhani ataiona Ufaransa. Alichokiona ni jiko, bafu na chumba cha kulala. Kazi ya yaya iligeuka kazi zote za nyumba, na jina lake likageuka amri. Siku moja inakuja barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, basi bwana mwenye nyumba anamsomea. Kisha, bila kumwuliza anataka kujibu nini, anachukua kalamu na kuanza kumwandikia jibu. Sijaona katika sinema yoyote unyang'anyi mkubwa kuliko huo. Hapana aliyemwibia fedha wakati ule. Alinyang'anywa maneno yake kwa mama yake mzazi. Habari yake inaishia mautini, kwa mkono wake mwenyewe, katika nyumba ile ile. Ndugu msomaji, mabinti wengi wa Kenya wamekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na si wote waliorudi salama. Sinema ile ni ya zamani. Huzuni yake si ya zamani.

Hata hivyo sinema hizo mbili zilikuwa na kasoro moja ambayo Sembène mwenyewe aliitambua: watu wake walinena Kifaransa. Mwenye gari la farasi na Diouana walisikika wakiwaza kwa lugha ambayo watu wa namna yao hawakuiota usiku. Mwaka 1968 alilitengeneza jambo hilo. Alitoa Mandabi, na watu wake wakasema Kiwolofu. Wenye kutoa fedha walitaka na namna ya Kifaransa, akaitengeneza pia. Lakini ile ya Kiwolofu ndiyo iliyobaki moyoni mwa watu, na huhesabiwa kuwa sinema ndefu ya kwanza katika lugha ya Afrika Magharibi.

Habari yenyewe ni nyepesi kusimulia. Ibrahima Dieng, mtu mzima mwenye wake wawili na watoto saba, hana kazi. Mpwa wake aliyeko Paris anampelekea hawala ya fedha ya faranga 25,000. Katika hizo, 2,000 ni zake Dieng, 3,000 za mama wa kijana, na 20,000 ni akiba ya kijana mwenyewe. Kabla Dieng hajaishika hata senti moja, mtaa mzima umekwisha kusikia, na wadeni na waombaji wamejaa mlangoni. Anakwenda posta: anatakiwa kuonyesha kitambulisho. Anakwenda kutafuta kitambulisho: anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Anakwenda kutafuta cheti: anaulizwa tarehe aliyozaliwa, naye anajua tu kwamba ni karibu na mwaka 1900. Anatakiwa picha, anatakiwa stempu, na kila mlango unamla kidogo. Mwisho jamaa yake mwenye elimu anajitolea kumsaidia, anamtia saini karatasi ya uwakili, anazitoa fedha, kisha anadai kuwa ameibiwa. Mtu aliyeamka akiwa maskini mwenye heshima, hawala inamwacha maskini mwenye madeni.

Niliiona Mandabi mara ya kwanza nilipokuwa katika chuo cha ualimu, ikionyeshwa ukutani. Baadaye, nilipopata kazi, niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu jioni ya Jumamosi moja. Maandishi chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Mlangoni walisimama watu wawili, mpishi na mlinzi wa usiku, ambao hawakusoma Kiingereza na Kiwolofu hawakupata kukisikia maishani. Nikadhani wataondoka baada ya dakika chache. Hawakuondoka. Dieng alipofika mbele ya karani wa posta, wao ndio waliocheka kwanza, kabla ya wanafunzi waliokuwa wakisoma. Ilipokwisha, mlinzi aliniambia, "Mwalimu, karani huyo namjua." Kisha akanisimulia habari za kitambulisho chake mwenyewe, miezi mingapi alikifuata na nauli ngapi alizilipa. Sembène alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2007. Lakini shule yake ilikuwa wazi usiku ule, na mwanafunzi wake bora alikuwa amesimama mlangoni na rungu mkononi.

Tangu hapo nimeiona zaidi thamani ya alichokifanya juu ya lugha. Hakuiona lugha ya nyumbani kuwa pambo la sinema. Aliiona kuwa haki ya mtu. Katika Xala, ya mwaka 1975, tajiri mmoja amezoea kusema Kifaransa, naye binti yake Rama humjibu kwa Kiwolofu, jambo linalomkasirisha baba. Siku wenziwe wanapomfukuza katika baraza lao la wafanya biashara, tajiri yule anaomba ajitetee kwa Kiwolofu, na anakatazwa. Lugha aliyoidharau alipokuwa juu ndiyo aliyoitamani alipoanguka. Na Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiliwa katika Senegali kwa miaka kadhaa. Sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa kwamba jina lake liandikwe kwa herufi d moja, naye Sembène alishikilia mbili. Wengi waliamini kuwa sababu ya kweli ilikuwa yaliyomo ndani. Lakini mimi mwalimu wa lugha nafurahi kumjua mtu aliyekuwa tayari kuiona kazi yake ikifungiwa kabatini kuliko kuifuta herufi aliyoiamini.

Nasi Waswahili tumepata fungu letu katika hazina hiyo. Mwaka 1980 Amandina Lihamba wa Tanzania alitoa tamthilia, Hawala ya Fedha, iliyotokana na hadithi ile ile ya Dieng. Taabu ya mtu wa Dakar iliposema Kiswahili, haikuonekana kuwa ngeni hata kidogo.

Jambo jingine linalonivuta kwake ni kwamba hakuwa mtu wa kulaumu wageni tu. Maovu ya wakoloni aliyasema wazi. Katika Camp de Thiaroye, ya mwaka 1988, aliyoitengeneza pamoja na Thierno Faty Sow, alionyesha jinsi askari wa Kiafrika waliorudi vitani walivyopigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia, tarehe 1 Desemba 1944, kwa kuwa walidai haki ya mishahara yao. Lakini alipogeukia kwao hakupunguza sauti. Sinema yake ya mwisho, Moolaadé, ilitoka mwaka 2004, naye ana miaka 81. Wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa wanamkimbilia mama mmoja, Collé, naye anafunga kamba mlangoni kwake. Kamba ile ni alama ya hifadhi. Kwa mila ya kijiji, hapana awezaye kuivuka kuwatoa. Wanaume wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma moto, kana kwamba fikira hukaa katika redio. Collé anapigwa mijeledi na mumewe mbele ya watu wote, naye halitamki neno la kuifungua hifadhi. Kumbuka, msomaji, kwamba Collé anawalinda watoto kwa mila ile ile ya wazee wake. Sembène hakusema mila zote ni mbaya. Alisema kuwa katika mila zetu wenyewe imo kamba ya kuwakinga wanyonge, kama tuna ushujaa wa kuifunga. Katika Kenya sheria ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji. Lakini sheria iko mbali, na usiku wa msichana uko karibu. Kati ya viwili hivyo huhitajika Collé.

Sitaki kukuficha kasoro zake. Sinema zake huenda polepole, na kijana aliyezoea mbio na milio ya bunduki atapiga miayo mwanzoni. Mara nyingine watu wake husema kama wahutubu, na fundisho hutokeza kama mfupa katika nyama. Lakini mfupa si dalili ya chakula kibaya. Ukiwa na subira utaona kwamba ule mwendo wa polepole ni adabu: anamngojea mzee amalize kuvaa kanzu yake, anamwacha mama amalize kupima mchele, kwa sababu maisha yao kwake hayakuwa kitu cha kupitwa haraka.

Basi hii ndiyo sababu ya mapenzi yangu. Wako watengenezaji wa sinema wenye ufundi mwingi kuliko Sembène, na wenye fedha nyingi kuliko zake mara elfu. Kwake yeye, asiyejua kusoma si mtu asiyejua kufikiri, na anastahili kuletewa kazi bora katika lugha anayoielewa. Wewe unayesoma kitabu hiki umepata bahati ya kalamu, na katika nyumba yenu au jirani yenu yuko asiyeipata. Atakapokuletea barua umsomee, msomee yote, polepole, mpaka mwisho; na kabla hujaanza kuandika jibu, mwulize kwanza anataka kusema nini.