Ngumi za Ndugu Yangu

Waswahili walinena kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Sawa. Lakini walisema kugongana, hawakusema kuvunjana.

Mimi na mdogo wangu tunalelewa na bibi mmoja mzee, mpakani mwa Kericho na Bomet. Tunamwita Kogo ingawa si nyanya yetu wa damu. Alituchukua mwaka wa 2021 kupitia kwa afisa wa watoto. Kabla ya hapo tulikuwa tumetenganishwa mwaka mzima, mimi kwa jamaa huyu, yeye kwa yule. Aliyoyapitia huko hajawahi kuyasimulia, ila alikuja na tabia ya kuficha ugali chini ya godoro. Panya walipoula, nilipigwa mimi!

Kijana huyu hajawahi kumgusa mjukuu wa Kogo hata kwa ukucha. Shuleni ni mpole mithili ya mwanakondoo. Ni mimi tu: ngumi, meno, na siku moja ukuni ulionipasua unyusi. Nimelifikiria sana jambo hili nikienda shule asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai. Nadhani anajua wengine wote wanaweza kumfukuza. Mimi siwezi, sina pa kumpeleka.

Afisa aliposikia habari ya unyusi alitaka mmoja wetu ahamishwe. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu watoto wasiolelewa na wazazi wao wasema ndugu wasitenganishwe, isipokuwa penye sababu nzito kama hatari dhahiri. Sasa, unyusi uliopasuka ni hatari dhahiri ama si hatari? Watu wazima walibishana hadi chai ikapoa. Kogo akakata maneno: "Mwacheni kwanza. Bado ana njaa ya mwaka ule."

Hakumchapa. Alimpa mkebe wenye kifuniko, wake peke yake, akawa anaujaza mahindi ya kukaanga kila jioni. Jumamosi tukichuma majani chai katika shamba lake dogo, alimpangia mistari yake mbali na yangu. Ati dawa ni mkebe na mistari! Nilicheka. Lakini tangu muhula wa kwanza nimepigwa mara mbili tu, na mara ya pili aliniletea maji ya kunawa mwenyewe.

Afisa atarudi Agosti. Amesema ataniuliza mimi, faraghani, kama nataka kuendelea kuishi naye. Nitamwambia ndiyo, ila nataka mlango wa chumba changu utiwe komeo kwa ndani.