Bendera za Wengi na Bendera Zetu



Wengi wetu tumezoea kompyuta inayoletwa ikiwa na programu zilizokwisha kujengwa kiwandani. Gentoo, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux ulioasisiwa na Daniel Robbins na kutolewa kwa toleo 1.0 mwaka 2002, hufuata njia nyingine. Programu hupokelewa zikiwa bado maandishi ya waundaji wake, nayo mashine yako ndiyo inayozijenga. Kabla ya kujenga hukuuliza: je, programu hii iwe na uwezo wa kuchapa? Iwe na sauti? Iwe na bluetooth? Majibu hayo huitwa bendera za USE. Asiyejibu neno hupewa majibu ya wasifu, yaani mpango wa kuanzia uliowekwa na watunzaji wa mfumo.

Basi, je, tuukubali mpango huo au tujipangie?

Tusidharau faida ya kujipangia. Seva isiyo na skrini haina haja ya madirisha na picha, na kisichojengwa hakihitaji kusasishwa wala hakimpi mdukuzi mlango. Lakini wengi huvutwa na ahadi ya kasi, na hapo tuna mashaka. Kwa kazi za kawaida tofauti haionekani kirahisi, ilhali kujenga kivinjari kwenye mashine kuukuu kwaweza kumaliza usiku mzima. (Na umeme ukikatika alfajiri, ujenzi wa programu ile huanza upya. Wenye subira ya Ayubu watatuelewa.)

Tangu Desemba 2023 hesabu hii imebadilika. Gentoo sasa hutoa pia vifurushi vilivyokwisha kujengwa, kwa mashine za amd64 na arm64. Bendera zako zikilingana na zile zilizotumika kukijenga kifurushi, wakipokea tayari kwa dakika chache. Zikitofautiana, mashine yako hurudi kukijenga yenyewe. Hivyo kila bendera unayoigeuza hukutoa kwenye chungu cha pamoja na kukuachia jiko lako, kuni zako na moshi wako. Tena mpango wa kawaida umekwisha kujaribiwa na watu wengi. Mchanganyiko wako huenda hajaujaribu mwingine yeyote.

Kwetu mapadre jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa tunahamishwa. Padre huondoka na sanduku lake, lakini kompyuta ya ofisi hubaki. Tuseme aliyetangulia aliiondoa bendera ya cups, ile ya uchapaji, ambayo wasifu wa kompyuta ya mezani huwa nayo, kwa kuwa siku zile printa haikuwapo. Miaka mitatu baadaye mchumba amesafiri kutwa nzima kufuata cheti cha ubatizo, printa ipo mezani, na hakuna ajuaye kwa nini haichapi.

Kwa hiyo, katika kompyuta ya ofisi yetu tumeuacha wasifu kama ulivyo. Bendera tulizogeuza ni mbili tu, kila moja kwa programu yake ndani ya package.use, si kwa mfumo mzima ndani ya make.conf. Juu ya kila moja, baada ya alama ya reli, tumeandika kwa Kiswahili sababu yake na tarehe.