Mashahidi Wawili wa Nuru ya Kusi

Mabaharia wa pwani yetu walizipa pande mbili za dunia majina ya pepo. Kaskazini ni kule utokako upepo wa kaskazi, na kusini ni kule utokako kusi. Warumi nao walifuata njia hiyo hiyo. Upepo wa kusini waliuita Auster, na kutokana na jina hilo wakapata neno australis, lenye maana ya kitu cha kusini, ambalo leo limekaa ndani ya jina la nchi ya Australia. Aurora naye, katika imani zao, alikuwa mungu wa kike wa alfajiri. Kwa hiyo mtaalamu wa anga anapoiita nuru ing'aayo usiku upande wa kusini aurora australis, ukilipasua jina hilo na kulitia katika Kiswahili, husomeka hivi: alfajiri ya kusi.

Naishi Hobart, mji mkuu wa kisiwa cha Tasmania, kusini kabisa mwa Australia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiipiga picha nuru hiyo. Kadiri ninavyoisoma, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba wahenga hawakukosea kuhusisha upande ule na upepo. Jua halitupi mwanga na joto tu. Hutoa pia mkondo usiokatika wa chembe zenye chaji ya umeme, nao wanasayansi huuita upepo wa jua. Mkondo huo hukutana na uga wa sumaku wa dunia, na baadhi ya chembe huelekezwa kwenye maeneo yaliyo karibu na ncha mbili za dunia. Huko juu hugongana na oksijeni na nitrojeni, nazo gesi hizo zikang'aa. Nuru yenyewe, basi, ni zao la upepo.

Tasmania ina bahati ya mahali. Ncha ya sumaku ya kusini haiko pale ilipo ncha ya kijiografia. Iko pwani ya Antaktika, upande unaoelekea Australia. Ndiyo maana Hobart, iliyo kwenye nyuzi 43 hivi kusini mwa Ikweta, huiona nuru hii mara nyingi kuliko Marseille, mji wa Ufaransa ulio umbali kama huo kaskazini mwa Ikweta.

Mahali nipendapo kusimama ni Goat Bluff, genge lililo juu ya bahari katika rasi ya South Arm. Mbele yake ni ghuba ya Storm Bay, na ukielekea kusini moja kwa moja, hakuna tena mji hadi Antaktika. Kazi huanza kwa kuzima taa na kungoja, kwa kuwa jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Ukilazimika kumulika, humulika kwa tochi nyekundu. Kamera hukaa juu ya stendi ya miguu mitatu, yenye lenzi pana ya milimita 14, tundu likiwa wazi kwa f/2.8, ISO 3200, na mlango wa mwanga huachwa wazi kwa sekunde 10. Gizani kamera haiwezi kujilenga yenyewe. Huna budi kuchagua nyota moja yenye kung'aa, uikuze kwenye kioo, kisha uizungushe pete ya lenzi polepole mpaka nyota iwe nukta.

Usiku wa kawaida, mgeni uliyemleta hapo huuliza, "Iko wapi?" Naye huwa anaitazama. Kwa macho, nuru ya kusi ni utando wa kijivu juu ya upeo wa bahari, kama wingu jembamba au moshi wa mbali. Usipoona miale yake ikisimama na kulala, utaapa kwamba ni wingu. Kisha kamera humaliza sekunde zake kumi, na kioo huonyesha kijani kilichokolea chini na wekundu juu yake. Mgeni hutazama kioo, hutazama anga, halafu hunitazama mimi.

Picha moja ya namna hiyo nilimtumia mwalimu wangu wa ushairi, mzee aliyeko Tanga, nikamwambia kwamba nakusudia kuitungia shairi.

"Shikamoo mwalimu," niliandika.

"Marahaba mwanangu," alijibu. "Picha nimeiona, nami nimeistaajabia. Ila niambie kwanza: wekundu huo umeuona kwa macho yako, au umeambiwa na kamera?"

Wakati huo nilikuwa sijatunga hata mshororo mmoja, na swali lake lilinizuia kwa majuma mengi. Katika ushairi wetu, neno "nimeona" lina uzito. Mtunzi anapolitamka huiweka nafsi yake dhamana mbele ya wasikilizaji, ambao hawana njia ya kwenda kuhakiki. Nikisema nimeona wekundu, nitakuwa nimetoa ushahidi wa mambo niliyosimuliwa. Nikisema nimeona kijivu tu, nitakuwa nimeificha sehemu ya yale yaliyokuwako. Nilihitaji kujua ni nani kati ya wawili sisi, mimi au kamera, aliyesema kweli.

Jicho lina aina mbili za seli za kupokea mwanga. Zile zitambuazo rangi huhitaji mwanga wa kutosha. Zile zifanyazo kazi gizani hazitofautishi rangi. Kwa hiyo jicho linaposema "kijivu," halidanganyi, linaeleza uwezo wake wote. Jicho pia haliwezi kuweka akiba ya mwanga. Hupokea, hupeleka habari, husahau. Kamera hukusanya, ikaongeza tone juu ya tone kwa sekunde kumi, na jumla ya matone hayo ndiyo rangi tuionayo kiooni.

Rangi zenyewe si za kubuni. Kijani ni cha oksijeni iliyo kilomita 100 na zaidi juu yetu, na wekundu ni wa oksijeni iliyo juu zaidi, kupita kilomita 200. Chembe ya oksijeni iliyochokozwa hutoa kijani kwa muda usiofika sekunde moja, lakini ili itoe wekundu huhitaji karibu dakika mbili bila kugongwa na chembe nyingine. Hewa ya chini ni ya msongamano, haimpi yeyote nafasi hiyo. Wekundu hupatikana juu tu, mahali penye upweke. Nilipolielewa jambo hilo niliacha kuishuku kamera. Kitu kinachohitaji subira ili kizaliwe, kimehitaji subira ili kionekane.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024. Dhoruba ya sumaku iliyoipiga dunia ilikuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Kwetu ilianza yapata saa tisa usiku. Nilitoka nje nikaona waridi na wekundu kwa macho yangu makavu, vimepanda kutoka upeoni hadi utosini. Sikuiwasha kamera mpaka zilipopita dakika nyingi. Usiku ule mashahidi wawili walitoa kauli moja, nami nikajua kwamba hata siku walipotofautiana, walikuwa wakisimulia jambo lile lile.

Lilibaki suala la jina. "Taa za kusini" silipendi, maana taa huwashwa na mtu na kuzimwa na mtu. "Mwanga wa usiku" nalo lina hatari yake: kwetu pwani, mwanga wa usiku aweza kuwa na miguu miwili na akaja kuwanga nyuma ya nyumba yako. Watu wengine wana majina yao. Wamaori wa New Zealand husema Tahunui-a-rangi, wakimaanisha mwako mkuu wa mbingu. Katika palawa kani, lugha ambayo wenyeji wa asili wa Tasmania wameihuisha kutoka katika mabaki ya lugha za mababu zao, jina ni nuyina. Hobart tunaliona jina hilo bandarini. Meli ya zamani ya Australia ya kupasua barafu iliitwa Aurora Australis. Iliyochukua nafasi yake, na kuwasili mwaka 2021, inaitwa Nuyina. Maana ni ile ile, ila sasa bahari inaisikia kwa lugha iliyoitazama nuru hiyo kabla ya Mrumi yeyote kutajwa kisiwani.

Lugha yetu ilikulia karibu na Ikweta, mbali na nuru hii, lakini upepo wake tayari tulikuwa nao. Mimi nimechagua nuru ya kusi. Wenzangu watunzi mkipata jina bora zaidi, nitalipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu nilimjibu kwa ubeti huu:

Nimesimama gizani, usiku wa kusi kali,
Mwanga uko upeoni, kama moshi ulo mbali,
Rangi hazimo machoni, jicho lasema ukweli,
Zimebaki kamerani, mashahidi ni wawili.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Sasa nimeiona." Akaongeza kwamba ubeti mmoja hautoshi, na kwamba anangoja uliobaki.